Mama ameichambua ngome ya baba

Jamani, leo nimelipata joka!

Si mnaikumbuka ile ngome ya matofali ya plastiki kwenye kabati letu la vyombo, ya tamthilia ya majoka? Kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Marehemu baba aliijenga kipande kwa kipande kutoka kwenye mitumba. Joka tu ndilo alilolikosa hadi anafariki.

Leo nimelikuta sokoni Lushoto, chini ya rundo la midoli. Nikapanda kilima mbio hadi nyumbani.

Nafungua kabati. Ngome hakuna!

"Shikamoo mama. Ngome iko wapi?"

"Marahaba. Ilikuwa na vumbi, nikaibandua niioshe. Nimekuchambulia kwa rangi kabisa, mwanangu."

Kaichambua kama maharage ya mbegu! Vipande vyekundu kopo lake, vya kijivu kopo lake. Na anatabasamu.



Kisha akafungua kiganja. "Ila hivi viwili vimegoma kuachana. Hata baba yako alishindwa, aliving'ata wee."

Nikavitazama. Alama za meno ya baba bado zipo.

Joka nimelisimamisha juu ya vipande hivyo.

Haya, nishaurini niijenge upya au niache. Ila hivyo viwili sivitenganishi.