Kikombe cha Chachu Alichokunywa Wifi Yangu

Nimeishi Lindi, Songea, Tanga, na sasa niko Dodoma. Kila nilikohamia nimeoka skonzi. Watu huniuliza natia nini mpaka zinakuwa laini vile, nami huwaambia bila choyo. Ila siku nyingine, donge likiwa mkononi, humkumbuka wifi yangu wa Rahaleo, kule Mtwara, nikajikuta nakanda kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Niliolewa Mtwara mjini mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea Nanyamba. Masika barabara ilipokatika, hamira ilipotea madukani, lakini mimi sikuhangaika. Bibi yangu alinifundisha kutega chachu: maji ya dafu, sukari kidogo na konzi ya ngano, unafunika kwa kitambaa mpaka kesho yake. Yakitoa povu, unakandia ngano pamoja na tui zito hadi donge liache mkono. Likiumuka unakata vidonge, unavipanga kwenye sufuria iliyopakwa samli, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Zikiiva unazifunika kwa kanga zingali za moto, zisije zikafanya ganda gumu.

Mwaka ule mama mkwe alinikabidhi skonzi za Maulidi. Kwa mke mgeni hilo si jambo dogo. Wanawake wa mtaa wakishakula chakula chako, umekuwa mtu wa pale. Miaka yote alikuwa akizioka wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuja jikoni, akafunua chungu cha chachu, akanusa, akaondoka.

Sinia ilirudi kutoka uani imejaa. Jirani mmoja alikuwa ameshauma, akatema kiganjani.

"Shoga, utusamehe. Wifi yako katuambia umekandia tembo. Siku ya Mtume!"

"Tembo hugemwa mnazini! Hili ni dafu."

"Kinachotoa povu ni pombe tu," wifi alidakia huku akigawa tende. "Huko kwao wamezoea."

Hata mama mkwe hakula. Skonzi zile walikula kuku. Tangu hapo kila niliyempelekea chakula alikuwa na udhuru: huyu ameshiba, yule tumbo linamsokota. Sikulia. Niliendelea kuilisha chachu yangu ngano na sukari isife, nikisubiri.

Zamu ya wifi ikafika binti yake alipokaribia kutolewa unyagoni. Wifi alikuwa amejitapa kwa wageni kwamba watakula skonzi za mkono wake. Kumbe hamira aliyoipata dukani ilikuwa imeingia unyevu; mkesha wa sherehe ngano yake ililala kwenye beseni kama udongo. Akanijia kwa mlango wa nyuma.

"Wifi, nigawie chachu kidogo," alinong'ona.

"Tangulia uani. Naileta."

Nilibeba chungu na kikombe hadi katikati ya wanawake waliokuwa wakitwanga. Nikamimina mpaka povu likamwagika.

"Wifi kaniomba chachu," nilisema kwa sauti. "Nami sitaki kulisha wageni haramu. Anywe kwanza, atuambie ni nini."

Michi ikatulia. Kungwi wa mwari akaangua kicheko. "Kunywa, mama mwari! Au kesho mtoto atoke tule uji?"

Wifi alinikazia macho. "Unanifanyia hivi kwenye shughuli ya mwanangu?"

"Wewe ulinifanyia kwenye Maulidi."

Akanywa. "Dafu," alisema akitazama chini.

"Wale wa kule kwenye mafiga hawakusikia," nilimwambia.

"Ni dafu! Dafu limechacha tu, basi!"

Hata hivyo sikumpa chungu. Nilikanda mwenyewe, nikaoka mwenyewe, na kesho yake nikaipitisha sinia kwa mkono wangu. Nilianza na yule jirani aliyetema. Nilisimama mbele yake mpaka akameza, nikamwongezea ya pili, akala. Wifi hakuchukua hata moja, nami sikumlazimisha. Nilitaka akae pale pale, aone sinia inavyoisha.