Machozi ya mamba niliyaona mwenyewe, mtoni Ruvu

Wakuu, hamjambo humu. Wale wa kunipa shikamoo, marahaba wajukuu zangu.

Juzi mmoja aliuliza hapa "machozi ya mamba" maana yake nini na yalitoka wapi. Nikaona mnachekacheka tu. Mimi sikucheka.

Shule niliishia darasa la pili, lakini hili nililiona kwa macho yangu, na jina la kila aliyekuwepo ninalo.

Ilikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Tulitolewa Sindeni kwa lori, dereva Saidi Mhina, tukashushwa kando ya mto Ruvu, upande wa Korogwe. Wengine mnauita Pangani, ni huohuo.

Sisi kwetu maji ni ya kufukua mchangani. Unainama, unachota kwa kata, unajitwika, unaondoka. Mto mkubwa hatukuujua.

Asubuhi ya kwanza mimi na mdogo wangu Zaina tukafuatana na jirani, Mama Hoza, mwenyeji wa pale. Kibuyu chake kakifunga kwenye ncha ya mti mrefu. Anasimama nyuma ya uzio wa miiba, anaupitisha ule mti juu, anachota kwa mbali.

Zaina akacheka. "Mama Hoza, unachota maji au unavua kambare?"

"Cheka, mwanangu. Ila hapa hatuinami."

Zaina mbishi tangu tumboni. Akauzunguka uzio, akainama na kata yake kama yuko Sindeni.

Maji yalikuwa yametulia kabisa, hata kiwimbi hakuna. Hilo ndilo linaniogopesha mpaka leo.

Nikasikia kishindo. Zaina yuko chini, anaburutwa, kanga imenaswa mdomoni mwa mamba. Mama Hoza akamdaka kwapani, mimi kiunoni. Sisi tunavuta huku, mamba anavuta kule. Mkojo ulinitoka, wala sioni aibu kusema.

Fundo la kanga likafunguka. Tukaanguka chali wote watatu.

Mamba akapanda mchangani ng'ambo, pale mto umebana, anaitafuna ile kanga. Na macho yanamtiririka. Machozi kabisa, wakuu.

Zaina akaninong'oneza, "Dada, analia. Kanionea huruma?"

Mama Hoza akamjibu yeye: "Ndivyo alivyo akila. Angekupata wewe angelia hivyohivyo, na angekumaliza."

Wazee wa pale walituambia usemi ulitokea hapo. Si mtu anayelia uongo tu. Ni yule anayelia huku anakutafuna.

Zaina hakukanyaga tena mtoni. Mpaka anaolewa Mombo, maji ya kuoga tulimchotea sisi, kwa mti mrefu.

Na mimi tangu siku ile mtu akinililia, macho yake siyatazami. Natazama mdomo unafanya nini.

Waliokulia mitoni, wazee wenu waliwaambiaje? Andikeni hapa chini. Nasoma kwa kuunganisha herufi, lakini nitawasoma wote.