Mkia wa Ndege Nilioushona Edani

Mume wangu alifariki nikiwa namshonea kofia. Ulikuwa umebaki upande mmoja tu. Nikaiacha sindano imechomekwa pale pale nilipofika, nikaikunja kofia, nikaitia sandukuni. Mjane edani hajipambi wala hajifukizi udi. Sindano haikukatazwa, ila niliikataa mwenyewe. Nilikaa kutwa nikitazama ukuta, na mama akahofu kwamba atanizika na mimi.

Ndugu yangu mdogo, karani kule Mbaraki, alikuwa na wazimu wake: kuunda ndege ndogo za mbao nyepesi na kuzirusha uwanjani Tononoka, akiziongoza kwa nyaya mbili. Alasiri moja akaniwekea mkia wa ndege mapajani. Karatasi imelegea, na kile kipande cha nyuma, kinachopanda na kushuka ili ndege ipae au iteremke, amekiunga kwa uzi hovyo hovyo hata hakisogei.

"Dada, n'meshindwa. Hebu nitazamie."

"Hii kazi ya mtu au ya kuku?"

Mama akachungulia kutoka jikoni. Tangu juzi hakuwa amenisikia sauti.

Nilibandua kila kitu. Tukawamba upya kwa karatasi ya shashi, ile ya tiara wanazorusha watoto, pande zote mbili kwa pamoja. Kofia iliyotiwa wanga ukiivuta upande mmoja hupinda, na mkia nao ni vivyo hivyo. Tukanyunyiza maji, ilipokauka ikakaza kama ngoma. Kisha nikafungua sanduku, nikachomoa sindano kofiani. Uzi ukapita juu ya ubao huu, chini ya ule, ukarudi, mpaka kipande kikacheza bila kukwama. Usiku ule nilikula nikashiba.

Eda ilipokwisha niliingia chumbani kwa ndugu yangu kufagia. Juu ya kabati zilikuwako ndege zake za zamani, zimejaa vumbi. Nikashusha moja, nikausukuma mkia kwa kidole. Ulicheza laini. Mishono ya mkono wake ilikuwa sawasawa, mizuri kuliko yangu.

Nilikaa kitandani kwake nikalia, na mara hii si kwa msiba. Mungu amlipe kheri. Mimi sina cha kumlipa.

Kofia niliimaliza. Nikamvika yeye Tononoka, kabla hajarusha ile ndege yetu, nikamwambia angalau hii haikushonwa na kuku. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hakukiri, nami sikumuuliza.