Mafuta ya Kondoo ya Mama

Juzi, gereji moja Mbulu mjini, nilimwona fundi akipaka grisi sili mpya ya ekseli, ule mpira unaozuia oili isivuje, na hasira ya zamani ikanipanda.

Mchana ule wa utotoni, nyumbani kijijini Daudi, baba alikuwa amefungua gurudumu la nyuma la pikapu. Uani palinuka oili iliyoungua. Ndani, mama alikuwa na siku nne tangu ajifungue mdogo wangu.

Grisi ikaisha. "Wewe binti, lete kopo la mafuta ya kondoo!" baba akaita.

Yalikuwa ya mama. Bibi aliyayeyusha ili mama ayanywe kwenye uji, arudishe nguvu. Mimi nilikimbia kwa furaha, nikidhani gari nalo limezaa, ndiyo maana limelala linavuja. Baba alichota, akaipaka sili, mpaka kopo likabaki tupu.

Mama alilitazama kopo. "Haya. Nipe uji hivyo hivyo."

Wiki haikuisha, sili ikavuja tena. Mafuta ya kondoo huyeyuka ekseli ikipata moto, na baba alilijua hilo.

Duka la grisi lilikuwa ng'ambo ya barabara.