Mkufu wa Mdogo Wangu na Maji ya Ndimu

Mwanzoni mwa miaka ya sabini vijana wa Kisumu walianza kufungua vifungo vya shati mpaka katikati ya kifua ili mkufu uonekane. Sikuona maana yake wakati ule na sijaiona hadi leo. Mtu ambaye soli za viatu vyake zilikuwa zimetoboka alipita mtaa wa Kaloleni kifua mbele, kana kwamba vile vinywele vyake vichache vilihitaji fremu.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Tulikaa chumba kimoja. Yeye alikuwa mpakia magunia bandarini, na alikuwa amemchumbia msichana wa Port Victoria. Mkufu wake aliununua kwa mchuuzi wa karibu na stendi ya mabasi, aliyening'iniza bidhaa zake kwenye mwavuli. Nilikwenda kumwona mtu huyo.

"Hii haichuji, Bwana," aliniambia. "Ukitoka jasho ndiyo inang'aa zaidi."

"Na maji je?"

"Maji gani yatashinda dhahabu?"

Nilinunua mwingine wa aina ile ile. Nilikuwa nimejisomea, katika kitabu cha kemia kisichokuwa na jalada, jinsi shaba inavyopakwa dhahabu nyembamba kwa umeme. Niliukata vipande. Kimoja nilikitia kwenye maji ya ndimu, kingine kwenye maji ya chumvi, kingine nikakifunga ndani ya kitambaa nilichojifutia jasho. Cha mwisho nilikiacha kikavu kwenye kiberiti, niwe na cha kulinganishia. Maji ya ndimu yaligeuka kijani kwanza. Jasho lilichelewa, kisha kitambaa nacho kikapata doa la rangi ile ile. Cha chumvi kilipoteza mng'ao. Ni kile cha kwenye kiberiti tu kilichobaki dhahabu.

"Mkufu huu unamfaa mtu asiyeoga na asiyetoka jasho," nilimwambia mdogo wangu. "Yaani maiti."

"Mimi si ndimu, ndugu yangu," alijibu, akajitazama kwenye kioo. "Na hao wazungu wa kitabu chako, walivaa nini shingoni?"

Siku ya kwenda kujitambulisha ikafika. Baba wa msichana alikuwa mzee wa kanisa lisiloruhusu mapambo ya aina yoyote, na mdogo wangu alilijua hilo. Tuliposhuka kwenye basi aliuvua mkufu, akautia mfukoni, akafunga vifungo. Kile cha juu hakikuwepo. Kilikuwa kimedondoka zamani na hakuna aliyekihitaji.

Mzee alitupokea vizuri. Samaki waliletwa, na maji ya kunawa. Mdogo wangu alipoinama juu ya karai, kola ikafunguka. Shingo yake ilikuwa na mstari wa kijani, umeizunguka yote.

"Kijana," mzee alisema, "hirizi hiyo umefungiwa na nani?"

Mdogo wangu alinitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuja kumsemea. Ikiaminika kuwa ni hirizi, hakuna ndoa.

"Si hirizi, Baba," nikasema. "Ni alama ya mkufu. Ameuvua pale stendi."

"Wa dhahabu?" Aliuliza haraka kuliko inavyomfaa mtu anayechukia mapambo.

"Shaba iliyopakwa. Nimeupima mwenyewe."

Mzee alifikiri. "Uliposema mkufu, mimi nilidhani ni kiburi," alisema. "Kiburi tungekiombea. Sasa mtu anayeuziwa shaba akidhani ni dhahabu, kesho ataniletea ng'ombe wa namna gani hapa?" Akasukuma sahani mbele. "Kuleni. Mtarudi shingo ikiwa safi, ndipo tuongee."

Tulikula bila kutaja ndoa. Baadaye, ufukweni, mdogo wangu alijisugua kwa sabuni na mchanga mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Jaribu ndimu," nikamwambia.

"Usinitajie ndimu. Sema hii itatoka lini."

"Niliupima mkufu. Shingo sikuipima."

Mkufu wenyewe hakuutupa ziwani. Aliuuza Kaloleni kwa kijana mwenzake, na niliyasikia maneno yake nikiwa mlangoni: haichuji, ukitoka jasho inang'aa zaidi.

Tuliporudi Port Victoria, shati lake lilikuwa na kifungo kipya. Mzee alishika birika mwenyewe. Alimwinamisha mdogo wangu juu ya karai, akamwambia afungue kifungo hicho, akaivuta kola kwa kidole na kutazama mbele na nyuma mpaka samaki wakapoa. Kisha akammiminia maji.