Jumamosi kwa Wafua Chuma

Wazo la kwenda kuona makazi ya kale ya wafua chuma kule Ugweno milimani lilikuwa langu, wala halikuhusu chuma. Nilimpenda msichana mmoja wa darasa letu la ualimu. Yeye mwenyeji wa huko, mimi mtoto wa Same, nikaona akiwa kwao sitakosa nafasi ya kumwambia kwamba nataka kuleta washenga. Mwalimu wetu, mpenda mambo ya kale, alikubali mara moja, na akaja mwenyewe.

Tangu alfajiri sikutulia. Nilitangulia, nikarudi nyuma, nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Wenzangu wakaniuliza kama nimekanyaga siafu. Subira yavuta heri, wanasema. Mimi heri niliitaka kabla ya chakula cha mchana. Yeye alitembea na mwalimu, akimjibu maswali, na maswali ya mwalimu yule hayakuwa na mwisho.

Kando ya mto palikuwa na migomba, vibanda vichache, na ardhi nyeusi iliyojaa mavi ya chuma, yale mabonge yanayobaki chuma kikishayeyushwa. Mwalimu akatuonyesha mabaki ya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Kabla Mjerumani na Mwingereza hawajaleta majembe ya dukani, alisema, watu wa uwandani walipanda hadi hapa kutafuta jembe. Nilikuwa nangoja anyamaze.

Hatimaye akainama kuchora tanuri. Nikamsogelea msichana, nikafungua kinywa, na hapo hapo bibi mmoja akatokea migombani na ndizi za kuchoma kwenye ungo. Nikamwamkia shikamoo, huku namwomba Mungu bibi apite zake. Hakupita. Aliuliza jambo kwa Kigweno, lugha ambayo sisi wa Same, tunaosema Chasu, hatuielewi.

"Anauliza wewe ni wa ukoo gani," msichana akasema.

Chuoni tuliitwa kwa jina la ubatizo na la baba. Mambo ya ukoo tuliyaacha nyumbani. Nikautaja wangu haraka ili bibi aridhike, aende zake. Akaweka ungo chini, akanishika mikono yote miwili, akasema maneno mengi huku anacheka. Msichana hakutafsiri.

"Anasemaje?"

"Anasema karibu nyumbani. Babu zako walishuka Same na nyundo zao, hawakurudi." Akautazama ule ungo. "Sisi ni ukoo huo huo. Wewe ni kaka yangu."

Nilikasirika. Nilimkasirikia bibi, nikawakasirikia na hao babu na nyundo zao. Bibi akakata ndizi moja katikati, akatugawia kama watoto wa tumbo moja. Yangu niliila nimesimama.

Tulipokuwa tunarudi msichana akaniuliza, "Kaka, ulitaka kuniambia nini kule mtoni?"

Nikamjibu kwamba nimesahau.

Baadaye alipochumbiwa, jamaa zake waliniita nikae upande wa wenye binti. Wazee wakamwuliza kila ndugu kama anaridhia. Zamu yangu ilipofika, yeye alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Nikasema naridhia.