Ubeti Uliokatwa Kwenye Kitchen Party

Jumamosi nilikuwa kwenye kitchen party ya binti wa Kitanzania hapa ughaibuni, mjini Irving. Shangazi yake, anayefanya kazi ya kutunza wazee, alisimama kumghania shairi la mawaidha lililotungwa Tanga na bibi mzaa bibi yake. Hakushika karatasi. Alifumba macho tu.

Mshereheshaji akatazama saa, akamsogelea.

"Shangazi, asante sana, tuishie hapo. Muda wa ukumbi unaisha, watatu-charge hela ya ziada."

"Umebaki ubeti mmoja tu, mwanangu."

"Ujumbe umefika, shangazi. DJ!"

Shangazi akakabidhi maikrofoni bila ugomvi. Nilimkuta kwenye foleni ya pilau anatikisa kichwa.

"Wamekata jina," akaniambia.

"Jina la nani?"

"La bibi. Watunzi wa zamani walijitaja katika ubeti wa mwisho. Kila sherehe wanamkata hapo hapo."

Akanieleza kwamba Wajerumani walipofungua shule Tanga, walitaka wavulana wa kuwafanyia ukarani. Basi bibi akawakusanya wasichana uani kwake, akawafundisha mwenyewe. Somo la kwanza, kila mmoja aliandika jina lake.

Kwenye maikrofoni, mshereheshaji alikuwa anawashukuru watu kwa majina: mpishi, DJ, hata aliyeleta barafu kutoka mji wa Mesquite. Halafu akamshukuru "bibi mmoja wa zamani" kwa shairi zuri.

Shangazi alinighania ule ubeti, sahani mkononi, nami nikamwahidi kwamba jina la bibi litakuwa mwisho wa safu yangu hii ya gazeti. Mhariri anasema nafasi imejaa.